Mshahara mnene, mkataba mwembamba

Mama Mdogo,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti, pamoja na vigelegele vya majirani. Hongera sana. Mwanao kuitwa Dubai kurusha Boeing 777 si jambo dogo. Pilau na ipikwe. Ila uliniuliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: kazi yenyewe ni ya kudumu? Nitakujibu bila kupaka rangi.

Pesa ipo. Mshahara haukatwi kodi ya mapato, nyumba hulipiwa, karo ya watoto huchangiwa. Lakini vyote hivyo vimetundikwa kwenye msumari mmoja. Viza ya ukaazi hudhaminiwa na mwajiri, ya mke na watoto imeshikilia ya baba, na nyumba hulipiwa na kampuni. Barua ya kuachishwa ikifika, vinaondoka kwa pamoja.

Tuliyaona haya mwaka 2020. Machi, Emirates ya Dubai ilisimamisha safari za abiria. Julai, mkuu wake Tim Clark akaiambia BBC kwamba huenda ajira 9,000 zikapotea, katika kampuni iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 60,000 kabla ya korona. Qatar Airways nayo iliwapunguza marubani wa kigeni na kuwakata mishahara wengine. Mimi nisiye rubani, ninayekaa Sharjah kwa sababu kodi ya nyumba ya Dubai siiwezi, nilinunua meza ya kulia kwa kapteni mmoja aliyekuwa akifungasha. Barazani pake kulikuwa na baiskeli za watoto zilizobandikwa bei, jokofu, na jiko la kuchomea nyama lenye majivu bado. Hata hatukuvutana bei, nilitaja, akakubali. Kilichomkosesha usingizi ni benki. Hapa malipo ya mwisho yakiingia kwenye akaunti, benki inaweza kuyazuia mpaka umalize mkopo, na deni likifika mahakamani unaweza kupigwa marufuku ya kusafiri. Rubani kuzuiwa uwanja wa ndege, Mama Mdogo!

Halafu rubani si kama dereva wa matatu, leo gari hili kesho lile. Leseni yake hutaja aina ya ndege anayoruhusiwa kurusha. Emirates ina ndege zaidi ya mia moja za Airbus A380, na mwaka ule ziliegeshwa. Aliyezizoea hizo angebisha hodi wapi? Kampuni zinazozitumia zinahesabika, na Airbus iliacha kuziunda 2021. Mwanao amekuwa kwenye ndege za Embraer hapo Nairobi, kwa hiyo kampuni itamfundisha 777 kwa gharama yake. Mikataba ya namna hiyo kwa kawaida humdai rubani akiondoka kabla ya muda. Asome kipengele hicho mara mbili, kisha aulize: nikiachishwa na ninyi, deni hilo linafutika? Ajibiwe kwa maandishi.

Kiinua mgongo kipo kisheria: katika miaka mitano ya kwanza, siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka. Wa msingi, nasisitiza. Posho ya nyumba haimo, na posho ndizo zinazonenepesha ule mshahara mliousherehekea.

Kinachonisumbua zaidi ni kukosa mtu wa kumsemea. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kupitia chama chao, KALPA. Abiria walikwama, serikali ikakasirika, mahakama ikawaamuru warudi kazini. Unaweza kuwalaumu, na mimi niliwalaumu, kwani shangazi yangu alikwama. Lakini walikuwa na mahali pa kusimama. Katika Falme za Kiarabu hakuna vyama vya wafanyakazi na mgomo hauruhusiwi. Kapteni mwenye mistari minne begani anaipokea barua kama mfagizi anavyoipokea.

Asidhani pia kuwa Riyadh itampokea Dubai ikimshinda. Mwaka 2022 Saudi Arabia ilitangaza kwamba kuanzia mwaka uliofuata kazi ya rubani msaidizi iwe ya Wasaudi. Siwalaumu, hata sisi tungependa watoto wetu wapewe nafasi kwanza.

Sasa mashirika yanaajiri tena, na baadhi ya walioachishwa walirudishwa. Kwa hiyo simwambii asije. Aje, ila asinunue gari kwa mkopo mwaka wa kwanza, na leseni yake ya Kenya asiiache ikaisha muda. Kwa mwajiri wake wa Nairobi aombe likizo bila malipo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Wakimnyima, angalau ameomba. Na mkwe wako asiiache kazi yake ya benki mapema. Watoto nao wanaweza kungoja mwaka mpya wa masomo: shule nyingi za mtaala wa Uingereza hapa hufungua mwishoni mwa Agosti au Septemba. Mwanao atangulie, amalize mafunzo, apate ratiba yake, ndipo awaite. Chumba cha wageni kwangu kipo, ingawa kwa foleni za Sharjah atanilaani.

Wasalimie wote.

Mwanao wa Sharjah