Nililibadilishia Gari Langu Pua

Ndugu msomaji, umewahi kufungua boneti ya gari lako ukaliangalia kwa makini lile sanduku jeusi la plastiki lenye mdomo mrefu unaoelekea mbele? Mafundi wetu huliita eya klina. Ndani yake mna kichujio cha karatasi kinachozuia vumbi lisiingie katika injini. Mimi nililidharau sanduku hilo, na dharau yangu ikaigharimu nyumba nzima.

Gari langu ni Toyota Vitz ya mwaka 2002, yenye injini ya sentimita za ujazo 997. Likipanda mlima na watu watano ndani, hulalama kama mgonjwa. Basi Januari 2018, kijana mmoja wa gereji iliyo jirani na kazini kwangu akaniambia, "Mzee, gari lako halipumui vizuri." Akanionyesha kichujio chekundu chenye umbo la pia, ambacho hufungwa penye bomba la hewa mahali pa sanduku. Fedha niliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa ya mabati ya chumba cha uani. Mama Asha alikwisha hesabu hata misumari. Sikumwambia neno.

Kazi ya kufunga haikufika saa moja. Bolti chache zilifunguliwa, klemu ya bomba la mpira ikalegezwa, sanduku likatoka, pia ikabanwa mahali pake. Tulipoliwasha gari likanguruma, nami, mtu mzima mwenye mvi, nikatabasamu. Nilidhani mngurumo ndio nguvu! Kumbe sanduku lile lilikuwa pia likifunika sauti ya hewa inayovutwa. Injini ya lita 1, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika nawe umekanyaga mafuta mpaka chini, huvuta karibu lita 1,500 za hewa kwa dakika. Upepo wa namna hiyo hauwezi kupita kimya.

Lakini katika foleni za jioni gari lilizidi kuwa zito. Sababu yake ni hii: pia ile ilikuwa imekaa wazi kando ya injini, ikivuta hewa iliyokwisha pata moto. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30, na oksijeni yake hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Sanduku nililolitupa lilivuta hewa ya baridi kutoka mbele, tena kutoka juu. Neno hilo "juu" likumbuke, ndugu msomaji.

Nilirudi gereji kulalamika. Kijana akaongeza bomba refu, akaishusha pia mpaka nyuma ya bampa, karibu na ardhi, ipate hewa ya baridi. Gari likachangamka kidogo, au pengine ni moyo wangu uliochangamka.

Ikaja Aprili na mvua zake. Jioni moja tulikuwa tukitoka Kariakoo, Mama Asha kando yangu, Asha amelala kiti cha nyuma. Maji yalikuwa yameifunga barabara pale Jangwani, nikazunguka vichochoroni. Tulikuta dimbwi la nusu gurudumu. Daladala ilipita, nami nikaifuata. Gari likakohoa mara moja, likazima. Nilipojaribu kuliwasha, nikasikia chuma kikigonga chuma. Nilimbeba Asha mgongoni, mama yake akashika viatu vyetu, tukatembea gizani ndani ya maji ambayo hatukujua yameficha shimo gani.

Fundi mwingine, mzee mpole, alifungua injini siku ya pili. Ndani ya silinda hewa hubanwa mara 10 hivi, nayo hukubali. Maji hayabanwi. Pistoni ilipanda, maji yakagoma, mkono unaoishika ukapinda. Tulihitaji injini nyingine, na bei yake ilimeza mabati yaliyosalia katika ndoto zetu, saruji, na akiba ya cherehani ya Mama Asha.

Usiku huo nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza, "Baba Asha, na hiyo pia uliinunua kwa kiasi gani?" Nikamtajia. Akainuka, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Mzee alitaka nimpelekee sanduku la zamani alirudishe mahali pake. Nililikuta nyuma ya banda la kuku, tetea amelalia mayai ndani yake. Nilinyoosha mkono kumwondoa, Mama Asha akanizuia.

"Mwache," alisema. "Siku zake ni 21. Huyu anafanya kazi ya maana."

Gari likangoja.