Magunia Mawili Hadi Gerezani

Baada ya swala ya Alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa, mitaa ya Kariakoo huwa na saa moja ya utulivu ambayo wageni wanaokuja kununua vitambaa na simu hawaijui. Katika saa hiyo biashara ya jana huwa bado imelala barabarani: maboksi yaliyokanyagwa, nailoni za kufungia nguo, maganda ya machungwa, na chupa za maji zisizo na idadi. Na katika saa hiyo hiyo hupita watu wenye magunia mgongoni. Jumamosi moja ya kumi la mwisho la Ramadhani iliyopita, sisi watatu wa kamati ya msikiti tulifuatana na mmoja wao.

Kilichotutoa msikitini kilikuwa ni mabishano. Wahisani walikuwa wakituletea katoni za maji kwa ajili ya futari, na kila usiku baada ya Tarawehe baraza lilibaki limejaa chupa tupu. Mweka hazina alishauri ziuzwe, fedha ziingie katika mfuko wa umeme. Mzee wetu mmoja akasema huko ni kujisumbua. Ada ya taka tunalipa, gari linakuja, basi liachwe lichukue. Ndipo mwenzetu wa tatu akauliza lililotunyamazisha: na yule bibi anayezikusanya kila usiku, yeye tutamwambia nini?

Hoja ya mzee si ya kupuuzwa, ndugu msomaji, kwani ndiyo tunayoisikia katika familia nyingi za mtaa wetu. Hata nyumbani kwetu tuliwahi kuweka ndoo mbili, moja ya mabaki ya chakula na nyingine ya vitu vikavu, na watoto wakaifurahia kazi ile kama mchezo. Asubuhi moja wakasimama dirishani wakaona ndoo zote mbili zikimiminwa katika gari moja, juu ya lundo moja. Mdogo wao akauliza kwa nini basi walikuwa wakihangaika. Hatukuwa na jibu, na ndoo ya pili ikageuka kuwa ya kufulia.

Gari lile huelekea Pugu Kinyamwezi, nje kabisa ya mji. Zamani taka za Dar es Salaam zilitupwa Tabata, mpaka wakazi wake walipochoshwa na moshi na harufu wakaishitaki Halmashauri ya Jiji mahakamani mwaka 1988, na mahakama ikawasikiliza. Baadaye zikapelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, kisha huko Pugu. Jalala la mji huu limekuwa likihama kama mpangaji asiyetakiwa, na kila lilipohamia lilikuta watu au watu walilifuata. Kinachotoka kwetu kimechanganyika hakipotei. Kinakwenda kuwa jirani wa familia nyingine.

Basi asubuhi ile tukamkuta bibi akifunga magunia mawili kwa kamba ya katani. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akatutazama kwa wasiwasi, maana aliyezoea kufukuzwa huogopa hata anayekuja kwa heri. Tulipomwambia tunataka kumsaidia kubeba, akacheka: "Wanangu, mzigo huu mwepesi, ni mkubwa wa kutazama tu." Hata hivyo tukakodi mkokoteni. Tukateremka Mtaa wa Msimbazi, tukasubiri basi la mwendokasi lipite, tukavuka Uhuru na kuendelea kuelekea Gerezani. Njiani tulikumbuka kwamba jina la Kariakoo lenyewe limetokana na wapagazi, kikosi cha wabeba mizigo ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambacho kambi yake ilikuwa hapa. Wabeba mizigo hawajapata kuondoka.

Mnunuzi alikuwa na mizani ya kuning'inia na kalamu nyuma ya sikio. Magunia mawili, yaliyojaa chupa zilizokanyagwa, yakatoa kilo 9. Tulidhani tumekosea kusoma. Lakini chupa ya nusu lita huwa na uzito wa gramu 10 hadi 20 tu, kwa hiyo kilo moja huhitaji chupa 50, wakati mwingine 100. Kisha akayafungua, akaanza kuchambua. Akatoa chupa zenye maji ndani, akatoa moja ya mafuta ya kupikia, na kutoka chini ya gunia la pili, mbele ya wajumbe watatu wa kamati ya msikiti, akatoa pampasi ya mtoto. Bibi hakusema neno. Tulijua imetoka wapi: ni katika kona ya baraza ambapo baadhi yetu tunaoishi jirani hutupa mfuko wa nyumbani usiku usiku, tukijua kuna mtu wa kuchambua. Mizani ikarudi kwenye kilo 7.

Mweka hazina alipiga hesabu yake papo hapo. Ukiondoa kodi ya mkokoteni, kilichobaki kisingetosha kununua tende za kufuturia safu moja. Kwa mfuko wa umeme ilikuwa si kitu. Kwa bibi, ambaye hakodi mkokoteni na ambaye alikuwa amefunga kama sisi, ilikuwa ndiyo futari na daku ya wajukuu wake.

Tulimuuliza mnunuzi kwa nini chupa chafu haina thamani. Akatueleza kwa subira ya mwalimu. Chupa huenda kusagwa na kuoshwa. Plastiki ya chupa huzama majini na ile ya kizibo huelea, hivyo huwa rahisi kutenganisha, lakini mafuta na uchafu hushika vyote na kuharibu shehena nzima. Makopo ya alumini huyapokea kwa furaha zaidi, na ana haki: kuyeyusha kopo la zamani hutumia takribani asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya kutoka ardhini. Hatua chache mbele mafundi wa Gerezani walikuwa wamekwisha anza kugonga mabati kuwa majiko, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akijiuliza iwapo kazi hiyo ina faida.

Hapo tukaona kwamba swali letu tulilielekeza pasipo. Tulikuwa tukiuliza kama gari linatenganisha, na gari halitenganishi. Anayetenganisha ni mtu, na mtu huyo hupita mlangoni kwetu. Chupa ya soda ya kioo haijawahi kulala mtaroni kwa sababu muuza duka anaidai. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilizuiwa na serikali kuanzia tarehe 1 Juni 2019, tukarudia vikapu na mifuko mbadala, nasi tukazoea. Chupa ya maji haina wa kuidai isipokuwa bibi yule, na masika yakija, ile aliyoikosa huiziba mitaro yetu na maji yakapanda hadi kwenye viatu vya wanaoswali.

Mabaki ya chakula ni jambo jingine, na tukiri kwamba ndiyo sehemu kubwa na nzito zaidi ya ndoo zetu. Zamani nyumba za Kariakoo zilikuwa na uani, na uani palikuwa na kuku. Leo tunaishi ghorofa ya sita, na maganda ya ndizi hayana pa kwenda ila kwenye lile gari. Kwa hilo hatuna cha kuwaambia akina mama isipokuwa kupima wali wa futari vizuri zaidi. Lakini kutenga kikavu na kibichi, na kufunga pampasi peke yake, hakuhitaji uani.

Kamati ilikaa Jumatatu. Mweka hazina mwenyewe ndiye aliyependekeza chupa ziachwe kwa bibi, zote, na ziandikwe katika kitabu cha kumbukumbu kuwa ni zake ili kamati ijayo isije ikabadilisha. Mzee wetu hakupinga, ila alisema bado haamini kwamba watu watajifunza. Tumetundika magunia mawili kwenye nguzo ya baraza na moja katika kila ngazi ya maghorofa matatu ya jirani yaliyokubali. Ghorofa la nne lilikataa, likisema litaleta nzi.

Ijumaa iliyopita tulimkuta bibi ameketi chini ya nguzo. Pampasi hazipo tena, alituambia, ila maji bado watu wanayabakiza. Alikuwa akifungua chupa moja baada ya nyingine na kumimina mabaki katika ndoo. Ilipojaa, akamwita kijana wa madrasa aibebe akamwagie mwarobaini wa uani kwa msikiti.