Kabla baba na mwana hawajaingia msituni

Wazazi wenzangu, Novemba hii baba watoto na kijana wetu wa miaka 14 wanakwenda kuwinda kulungu Wisconsin. Sisi tunaishi Minnesota, jimbo jirani. Huko waendako hawana mwenyeji wala shamba la rafiki. Wataingia kwenye msitu wa umma ambao hawajawahi kuukanyaga. Maandalizi tuliyaanza Aprili, na nimeona niyaandike kwa sababu wako wazazi wengi wa kwetu huku ughaibuni ambao watoto wao hurudi shuleni Novemba na swali moja: mbona wenzetu wanaenda kuwinda na baba zao, sisi hatuendi?

Misimu miwili iliyopita walikuwa wakienda kwenye shamba la wazazi wa mfanyakazi mwenzake baba watoto, humu humu Minnesota. Shamba hilo limeuzwa. Msimu mkuu wa bunduki wa jimbo letu nao huanza mapema Novemba, wakati baba watoto yuko zamu za usiku na kijana yuko darasani. Wisconsin msimu wao ni siku 9, kuanzia Jumamosi iliyo kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Wiki hiyo shule hufungwa siku mbili na baba watoto hupata likizo. Hivyo ndivyo safari ya jimbo la pili ilivyozaliwa.

Mimi nimekulia Voi, ukingoni mwa Tsavo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kwetu mtoto alijua mapema kwamba ukikutwa na nyama ya porini utalala ndani. Kwa hiyo kijana aliponiuliza, "Mama, kwani wanyama wa huku ni wa nani?" ilibidi nikasome kabla ya kumjibu. Huku nako mnyama wa porini si mali ya mtu. Ni wa wananchi wote, na jimbo ndilo humtunza na kuamua wangapi wawindwe. Tangu sheria ya mwaka 1937, kila anayenunua bunduki ya kuwindia au risasi huilipia ushuru wa asilimia 11 ndani ya bei, na fedha hizo hurudi kwenye majimbo kutunza wanyama na makazi yao. Ardhi ya umma nayo ni hivyo hivyo. Msitu wa taifa wa Chequamegon-Nicolet, kaskazini mwa Wisconsin, una zaidi ya ekari milioni 1.5, na mtoto wa mhamiaji ana haki ya kuukanyaga sawa na mtoto wa tajiri.

Lakini haki hiyo ina karatasi zake. Kila mmoja wao ananunua leseni yake, na leseni ya mgeni wa jimbo huzidi ya mkazi mara kadhaa. Wisconsin humtaka kila aliyezaliwa tangu Januari 1, 1973 awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji. Cheti cha Minnesota kinakubaliwa, na wote wawili wanacho. Leseni ya bunduki huja na kibali cha dume mmoja. Kibali cha jike hutolewa kwa eneo maalumu, na huandikwa kama ni cha ardhi ya umma au ya watu binafsi. Ukimpiga jike upande usio wako, umevunja sheria. Mnyama akishauawa, ni lazima asajiliwe kabla ya saa 11 jioni ya siku inayofuata.

Wahamiaji wenzangu, hapa sheria za bunduki hutazama pia hali yako ya ukaazi. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumiliki. Aliye hapa kwa viza ya muda, kama mwanafunzi, kwa kawaida amekatazwa, ingawa sheria ina msamaha kwa mwenye leseni halali ya kuwinda. Asiye na karatasi asiguse kabisa. Muulize mwanasheria kabla ya kushika bunduki, kwa sababu kosa hilo linaweza kukufukuzisha nchini.

Sasa niseme lililoninyima usingizi. Mimi ni mama wa mtoto mweusi Minnesota. Julai 2016, Philando Castile alisimamishwa na polisi akiwa ndani ya gari huko Falcon Heights. Alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha, na alikuwa na kibali chake. Alipigwa risasi akafa. Mume wangu atavuka jimbo na bunduki garini, na kijana wangu pembeni yake.

Halafu kuna la Novemba 2004. Mwindaji wa jamii ya Wahmong kutoka St. Paul alipanda jukwaa la kuwindia lililokuwa kwenye ardhi ya watu binafsi kaskazini mwa Wisconsin. Wenyewe walimkuta, pakawa na maneno, na mwisho wake watu 6 waliuawa kwa bunduki yake. Amefungwa maisha. Miaka 20 imepita, lakini mimi nililisoma tena mwaka huu na kumsomea baba watoto. Yote yalianzia kwenye mpaka wa ardhi, na watu waliokuwa wageni kwa wenzao.

Baada ya mazungumzo mengi jikoni tulikubaliana masharti, nami niliyaandika na kuyabandika kwenye friji.

La kwanza, bunduki zinasafiri bila risasi, ndani ya mifuko yake, nyuma kabisa ya gari, na risasi ziko kwenye sanduku lingine. Nyumbani ni vivyo hivyo. Bunduki ziko kwenye kabati la chuma lenye kufuli, risasi ziko mahali pengine, na kijana hana ufunguo.

La pili, hawatakaa karibu na mpaka. Kwenye programu ya ramani wamechagua sehemu tatu zilizo ndani kabisa ya ardhi ya umma. Ramani wameipakua kwenye simu, kwa kuwa mtandao huko hupotea, na wana ya karatasi na dira. Mtu akiwaambia waondoke, wataondoka, hata kama ramani inasema wako sawa. Kubishana huku mmeshika bunduki sikubali.

La tatu, wanakwenda Agosti kuangalia mahali penyewe bila bunduki, wakatembee mchana, wajue gari linaegeshwa wapi.

La nne, nguo. Wisconsin hutaka angalau nusu ya nguo ya nje, kuanzia kiunoni kwenda juu, iwe ya rangi ya machungwa inayong'aa au waridi inayong'aa. Mimi nimesema iwe yote, na kofia pia.

La tano, kijana hakai peke yake, na nitapata ujumbe kila jioni. Saa tuliyopanga ikipita bila habari, napiga simu kwa ofisi ya sherifu wa kaunti hiyo. Namba iko kwenye friji.

Kijana alisoma orodha akaongeza mwenyewe kanuni nne alizofundishwa darasani: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, elekeza mdomo wake mahali salama, mjue unayemlenga na kilicho nyuma yake, kidole kikae mbali na kifyatulio hadi uwe tayari. Kisha akaniambia, "Mama, nisipokuwa na uhakika sipigi. Hata msimu ukiisha bure." Hilo lilinituliza kuliko masharti yangu yote.

Nyama nayo ina mambo yake. Kulungu wa huku wana ugonjwa unaoharibu ubongo na kuwakondesha hadi kufa. Uligunduliwa Colorado mwaka 1967, na Wisconsin ukajulikana 2002. Haijathibitishwa kwamba umewahi kumpata binadamu, lakini ushauri wa afya ni usile mnyama aliyepimwa akaonekana nao, na moto wa jikoni hauuondoi. Wisconsin hupima bure. Minnesota nayo hairuhusu kuingiza mzoga mzima kutoka jimbo lolote. Unaingiza nyama isiyo na kichwa wala uti wa mgongo. Kwa hiyo watachuna na kukata huko huko, kichwa watakiacha kwenye kituo cha vipimo, na nyama itakaa kwenye friza bila kuguswa hadi majibu yatoke.

Mtaniuliza, kwa nini nakubali taabu yote hii wakati nyama iko dukani? Kwa miaka mitatu baba watoto amekuwa akirudi asubuhi wakati mtoto anatoka. Walikuwa wakipishana mlangoni kama wapangaji. Tangu Aprili, Jumapili baada ya kanisa wanakaa mezani na ramani. Wanabishana kuhusu upepo na vilima. Juzi nilimsikia kijana akimuuliza baba yake kuhusu babu yake wa Taita aliyekuwa akitega wanyama kabla ya marufuku, na baba mtu akazungumza saa nzima. Mambo mengine hata mimi sikuwahi kuyasikia.

Bado naogopa, na hadi wanarudi nitakuwa naogopa. Sijamwambia kijana wangu kwamba dunia iko salama. Nimemwambia sheria, mpaka, na namna ya kusimama mbele ya mtu aliyekasirika, mambo ambayo angehitaji kuyajua hata kama asingewinda kamwe. Kama nyumbani kwako swali hili limeingia, anzeni mapema, soma kanuni za jimbo mnalokwenda wewe mwenyewe, usimwachie baba peke yake, na wewe mama uwe na orodha yako kwenye friji.