Hakugoma

Mnyama akiacha chakula, watu husema amegoma kula. Neno hilo nimelisikia tangu utoto, na katika kazi yangu nililisikia kuliko watu wengi, maana mkuu wa shule ya bweni hulala na kuamka na hofu ya migomo. Kugoma ni kitendo cha hiari. Anayegoma anaweza, ila hataki. Ana dai lake moyoni, na akilipata atarudi kwenye sahani. Kwa hiyo tunaposema kiumbe fulani amegoma, tumekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza shauri.

Nilipata kuletewa ofisini kijana wa kidato cha pili ambaye mwalimu wa zamu alikuwa amemwandika katika kitabu chake kuwa amegoma chakula siku tatu. Nilimkalisha, nikamwuliza habari za nyumbani kwao, za masomo, za wadogo zake, na mwisho akasema kwa sauti ndogo kwamba sahani yake imeibiwa. Siku zile kila mwanafunzi alikuja na sahani na kijiko chake, naye aliona haya kuazima. Tukampatia sahani, akala. Miaka mingi imepita, na aliyenirudishia kumbukumbu ya kijana huyo ni sungura.

Sungura mwenyewe ni wa mjukuu wangu. Anaitwa Pamba, kwa weupe wake. Mtoto alipokwenda kuanza kidato cha kwanza mwaka 2022 alinikabidhi kwa maneno machache sana: "Babu, asichinjwe." Nikamwahidi. Sharti hilo lilikuwa na sababu. Hapa Morogoro, kama ilivyo mahali pengi nchini, sungura hufugwa awe kitoweo, na sisi wa umri wangu tumemjua kwa njia hiyo hasa. Baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, shule nyingi zilianzisha mashamba na mabanda ya mifugo, na katika chuo cha ualimu nilichosoma tulifundishwa ufugaji wa sungura: namna ya kujenga banda lililoinuka juu ya ardhi, namna ya kutenganisha madume, na mimba yake ya mwezi mmoja. Habari za maradhi zilikuwa fupi. Sungura akizubaa hutengwa. Asipopata nafuu, huchinjwa. Kwa mradi wa shule hesabu hiyo ilikuwa ya haki, na mpaka leo sina ugomvi nayo. Lakini Pamba hakuwa mradi.

Ilikuwa mwezi Julai 2023, wakati ule ambapo baridi ya Uluguru inashuka mpaka mjini. Asubuhi nilikuta majani ya jana yake yako vilevile, na chini ya banda vinyesi vichache, vidogo kama punje za pilipili manga. Nina desturi ya kuvitazama kila asubuhi kama nilivyokuwa nikitazama daftari la mahudhurio. Mke wangu hunicheka, ila sungura hana njia nyingine ya kutoa taarifa. Alikuwa amejikunyata pembeni, macho nusu wazi, na nilipoinama karibu nilisikia meno yakisagana taratibu. Nilijua baadaye kwamba mlio huo, mnyama akiwa amejikunyata hivyo, ni dalili ya maumivu.

Sungura wa hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu anaweza kujifanya mgonjwa, akalala njiani kama maiti, ili awapate wakubwa wenye nguvu. Huyu wa bandani ana tabia ya kinyume kabisa. Akiugua hujifanya mzima. Asili yake ni mnyama anayewindwa na kila mwenye kucha, na anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Basi huficha, hata mbele ya mtu anayempenda. (Kwa kweli si wa ukoo mmoja na yule wa hadithi. Sungura wa kufugwa wazee wake ni wa Hispania na Ureno, na wa porini kwetu ni binamu zake wa mbali.) Kwa sababu hiyo, siku unayomwona sungura anaumwa, aghalabu ugonjwa haukuanza siku hiyo.

Jirani yangu aliniamkia ng'ambo ya ua. "Shikamoo, Mwalimu. Nasikia sungura amegoma kula." Nikamwitikia, nikamwambia hajagusa kitu tangu jana. "Basi mchinje mapema, asije akawa mzoga bure." Hakusema kwa ukatili. Mnyama aliyejifia haliwi, na kumwacha mwenye nyama afe ni kutupa riziki. Hata mimi nimelelewa katika fikra hiyo. Jirani mwingine alinipa kapsuli za amoksilini zilizobaki baada ya mtoto wake kupona kifua. Nilimshukuru, nikazitia mfukoni. Mke wangu alimenya ndizi mbivu, Pamba akageuza uso.

Nikaingia ndani kuleta tawi la matembele. Nilipomsogezea, alikuja. Alikuja kwa haraka, akanusa, akalikata jani kwa meno ya mbele, akalivuta mdomoni. Taya zikaenda mara mbili, zikasimama, jani likaanguka. Akaliokota tena. Likaanguka tena. Mara ya tatu alibaki amelitazama. Ndipo nilipoona kwamba kidevu chake kimelowa udenda, manyoya yameshikana. Nikamkumbuka yule kijana wangu. Aliyegoma haendei chakula mara tatu.

Tulimweka katika kikapu, juu ya kanga kuukuu, tukaita bajaji. Dereva alipofahamu mgonjwa ni nani alicheka mpaka akakaribia kutupitisha katika shimo. Sikukasirika, ila nilimkumbusha kwamba huu ni mji wa panya buku waliofundishwa kunusa mabomu ya ardhini, na kwamba mmoja wao aliyezaliwa hapahapa, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu ya ushujaa huko Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Habari za Magawa alikuwa anazijua. Akasema, "Lakini yule alikuwa na kazi, Mzee." Sikuwa na jibu la haraka.

Daktari wa wanyama alikuwa mama kijana, mwenye mikono ya utulivu. Kwanza alimpapasa tumbo. Alisema kama tumbo lingekuwa limejaa hewa na kukaza kama ngoma, kumlisha kwa nguvu kungekuwa hatari kubwa, na mambo yangekwenda njia nyingine. Halikuwa hivyo. Kisha akatia mdomoni kifaa chenye taa, kama kile cha kutazamia masikio ya watu, akaniita nitazame. Pembeni mwa ulimi, jino la nyuma la chini lilikuwa limeota ncha kama mwiba, na ulimi ulikuwa na kidonda mahali hapo.

Sungura ana meno 28, na yote, ya mbele na magego, hukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka kiasi cha milimita 2 kwa wiki. Nyasi ngumu ndizo tupa yake: kwa kuzitafuna saa nyingi kila siku magego husagana yakabaki sawa. Lakini wako sungura wenye vichwa vifupi vya mviringo, na Pamba ni wa namna hiyo, ambao taya zao hazikutani sawasawa. Hao hata wakila nyasi tele, sehemu moja ya jino husagika na nyingine huachwa, ikawa ncha. Magego ya juu huchoma mashavu, ya chini huchoma ulimi. Kwa hiyo njaa alikuwa nayo, na chakula kilikuwapo. Kilichokosekana ni njia katikati.

Nilidhani tumekwisha kupata jawabu. Daktari akasema la, hiyo ni nusu. Utumbo wa sungura haukuumbwa kusimama. Chakula kipya ndicho kinachokisukuma cha zamani, na katika mfuko mkubwa wa utumbo wake wamo vijidudu vyema vinavyomsagia nyasi. Asipokula nusu siku tu, mwendo huanza kulegea. Kilichomo hukauka, hewa hujaa, tumbo huuma, na kwa kuwa linauma hali zaidi. Kutapika hawezi kabisa. Kwa njia hiyo sungura aliyeacha kula kwa sababu ya kidonda kidogo cha ulimi anaweza kufa kwa sababu ya kutokula, kidonda chenyewe kikiwa si kitu. Nilitoa zile kapsuli mfukoni nikamwonyesha. Akazichukua mkononi mwangu bila kuniuliza. Amoksilini ikimezwa na sungura huua vijidudu vile vyema, vibaya vikatawala, na mnyama huharisha mpaka kufa.

Alimchoma sindano ya maumivu na kumtia maji chini ya ngozi. Meno yangekatwa kesho yake, akishapata nguvu kidogo. Usiku ule kazi ilikuwa yangu.

Chakula chake cha vidonge cha dukani tulikiloweka, mke wangu akakiponda katika kinu kidogo cha vitunguu saumu mpaka kikawa uji laini. Nilipewa bomba la sindano lisilo na sindano. Nyuma ya meno ya mbele ya sungura kuna nafasi tupu kabla magego hayajaanza, na hapo ndipo bomba huingizwa, kwa pembeni, si kwa mbele. Unamfunga kwa taulo, kichwa tu nje. Unatia kidogo, unangoja ameze, unatia tena. Ukifanya haraka uji utaingia mapafuni. Kila baada ya saa tatu niliamka. Saa nane ya usiku nilikuwa nimekaa jikoni, sungura mapajani, uji umenipaka mpaka kwenye saa, na moyo wake ukienda mbio chini ya kiganja changu kiasi cha kutohesabika. Umeme ulikatika, nikaendelea kwa taa ya simu. Sikumpigia mtu wa shuleni kwa mjukuu wangu. Habari ya kutoa haikuwapo bado, na mtoto alikuwa na mitihani asubuhi.

Nilifikiri sana neno la dereva usiku ule. Pamba hana kazi. Hatambui mabomu, hatagi, nyama yake imeondolewa hesabuni kwa ahadi. Nilitafuta faida yake nikaikosa. Kisha saa kumi na moja ikafika, nikapasha uji moto.

Kesho yake alilazwa kwa dawa ya usingizi. Hakutakiwa afunge kama wagonjwa wa kibinadamu, kwa sababu hawezi kutapika, na kufunga ndiko tulikokuwa tunakupiga vita. Ncha zilisagwa kwa kifaa chembamba kinachozunguka, kazi ya dakika chache. Nilirudi naye amelewa, masikio yamelala. Siku hiyo hakula. Ya pili hakula, ila uji aliumeza kwa hiari kidogo. Alfajiri ya siku ya tatu niliposhuka kwenda bandani nilisikia kabla sijaona: sauti ya ukoka ukitafunwa. Chini palikuwa na vinyesi saba. Nilivihesabu mara mbili, kisha nikamwita mke wangu, naye, ajabu, hakunicheka.

Meno yale hayaponi. Hukatwa, yakaota tena. Tangu wakati huo tumemrudisha mara nyingi, kila yapatapo majuma manane au kumi, na kila safari ni gharama kwa mtu wa pensheni. Mjukuu wangu alipoelezwa alitaka kujua kwanza kama ulimi bado unamwuma. Jirani huniuliza siku moja moja kama bado yupo, nami humjibu yupo, anakula. Ijumaa tunakwenda tena. Dereva wa bajaji ni yuleyule. Amekwisha kujua njia, na hupunguza mwendo penye mashimo.