Maji ya Chini Nayo Hujaa na Kupwa

Gesi ilipogunduliwa mwaka 2010 chini ya bahari katika bonde la Rovuma, mji wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ulianza kujaa magari, na magari hayaendi kwa dua. Mimi nikapata riziki ya kufuatilia mafuta yanayovujia ardhini. Watu wakiniona na keekee ya mkono walidhani natafuta mali iliyofukiwa.

Pwani ile ni mchanga. Ukichimba mita chache umeshafika majini. Tangi la chuma likizikwa humo, kutu haikawii. Petroli ikivuja hushuka hadi kwenye maji, hutanda juu yake, kisha huyafuata yanakokwenda.

Mama mmoja, nyumba yake upande wa baharini wa kituo cha mafuta, aliniita uani. “Mwanangu, chai yangu inanuka pikipiki.” Nikateka ndoo kisimani: utando wa rangirangi ukaja juu. Mwenye kituo hakubabaika. “Injinia, kisima cha msikiti kiko hapa ubavuni mwangu na maji yake safi. Mafuta yangu yaruke jirani, yakachafue mbali?” Hoja haikuwa ya kipuuzi.

Tukachimba mashimo matatu, tukatia mabomba ya plastiki yenye matundu, tukapima kimo cha maji. Ilikuwa bamvua. Asubuhi, bahari imekupwa, maji yalielekea ufukweni. Jioni yakawa kama yamesimama. Mwenzangu kutoka Maputo akalaumu kipimo. Mimi mtoto wa wavuvi sikushangaa: maji ya chini karibu na ufuo nayo hujaa na kupwa, ila kwa kuchelewa. Tukapima usiku na mchana, na wastani ukasema baharini. Msikiti ulikuwa juu ya mkondo, mama chini yake.

Sampuli tulizijaza chupani hadi pomoni, pasibaki hata povu, kwa kuwa benzini hutoroka hewani. Ndiyo sumu kubwa ndani ya petroli, huleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita, na pua huchelewa mno kuijua kwa kiasi hicho. Tukazisafirisha ndani ya barafu ya samaki.

Majibu yakaja: msikitini kulikuwa safi, kwa mama palikuwa pabaya kama tulivyotarajia. Kilichonitoa jasho ni kisima cha nyumba ya pili yake, kisichonuka chochote: benzini ilipita kikomo. Mtaa mzima ulikuwa umehamia kuteka pale. Nilipokwenda kukifunga nilitukanwa kuliko mwenye kituo.