Kila Weusi Una Kazi Yake

Wengi wetu hudhani rangi nyeusi ndiyo rahisi kuliko zote: unanunua kopo, unapiga gari, umemaliza. Mimi ni mhandisi, nami nasema nyeusi husumbua kuliko nyekundu. Weka nyeusi mbili pamoja kwenye mwanga wa mchana. Moja utaiona inaelekea buluu, nyingine kahawia. Chanzo ni masizi yaliyomo. Chembe zake zikiwa ndogo sana, weusi huwa mzito. Zikiwa kubwa, huwa hafifu.

Mjadala huu umeingia katika familia yetu hapa Rayners Lane. Shemeji yangu anafufua Datsun 240Z katika gereji iliyo nyuma ya nyumba yake. Anataka ifanane na ile iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, pamoja na Hans Schüller: mwili mwekundu, boneti nyeusi. Gari la aina hiyo ndilo lililompa Shekhar Mehta ushindi wa 1973. Hatukubaliani juu ya boneti tu. Yeye anaitaka ing'ae kama kiatu cha askari.

Weusi ule haukuwa pambo. Jua la kwetu likipiga bati linalong'aa, mwanga humrudia dereva machoni. Rangi iliyofifishwa huutawanya mwanga huo. Kinachoififisha ni unga laini wa silika, ambao huupa uso mikwaruzo midogo isiyoonekana. Unga huo hutuama chini ya kopo, kwa hiyo lazima ukoroge vizuri, na upige kwa usawa ili yasitokee mabaka. Wala usiisugue kwa polishi baadaye. Utarudisha mng'ao ulioufukuza.

Shemeji akanijibu, "Jua lenyewe liko wapi hapa Harrow, shemeji?" Swali la haki. Lakini watoto wetu waliozaliwa hapa hawajui lile jua. Boneti ing'aayo itawaambia gari hili lilikuwa la maonyesho. Boneti iliyofifia itawafanya waulize.

Kuna na suala la afya. Rangi ya kuchanganywa na hadena ni imara sana, lakini hadena hiyo ina isosianeti, kemikali inayoweza kumtia mpigaji rangi pumu ya kudumu. Barakoa ya kawaida haitoshi. Inatakiwa ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kwa gereji ya nyumbani, ukuta kwa ukuta na majirani, mimi sikubali. Selulosi ina moshi wake pia na huwaka moto upesi, lakini haina hadena. Ila haipendi unyevu: thina ikikauka haraka hulipoza bati, maji ya hewani huganda juu yake, na weusi hugeuka ukungu mweupe. Dawa ni thina ya kukauka polepole na siku kavu.

Basi tumepiga kadi tatu: inayong'aa, ya kati na iliyofifia. Tumezitundika uani tuziangalie asubuhi, adhuhuri na jioni, maana taa ya gereji hudanganya. Juzi binti yake aliigusa ile iliyofifia akauliza kwa nini haing'ai. Babake akaanza kumsimulia vumbi la Safari, na chai ikapoa mezani. Sikutia neno.