Reykjavik: Mji Uliowafukuza Mbwa, Kisha Ukawarudisha

Wahenga walinena kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako. Mpenzi wa mbwa anayezuru Reykjavik, mji mkuu wa kisiwa cha Aisilandi kaskazini kabisa mwa Ulaya, hana budi kulifumba lake mapema.

Mji wenyewe unapendeza. Nyumba nyingi za zamani zimefunikwa mabati, si paani tu bali ukutani pia, yakapakwa rangi nyekundu, kijani na samawati. Madirishani utawaona paka wamejinyoosha kama wenye mji. Mbwa nao wapo, lakini barabarani kila mmoja amefungwa kamba, na mwenyewe anatarajiwa kubeba mfuko wa kuzolea kinyesi. Kisa na maana?

Kisa ni mnyoo. Katika karne ya 19, Waaisilandi wengi walikuwa wafugaji wa kondoo walioishi pamoja na mbwa wao. Mwaka 1863 mtaalamu kutoka Denmark, Harald Krabbe, aliwapasua mbwa 100 akawakuta 28 wana tegu mdogo sana tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi cha mbwa na kushika kwenye manyoya na nyasi. Kondoo akiyameza, au mtoto aliyecheza na mbwa akala bila kunawa, huota uvimbe uliojaa maji kwenye ini au mapafu. Mbwa naye akitupiwa matumbo ya kondoo mgonjwa, mambo huanza upya. Ugonjwa huo uliwaua wengi.

Krabbe aliandika kijitabu cha kuwaelimisha wananchi, kikagawiwa bure. Watu wakajifunza kuchoma au kuzika matumbo yenye uvimbe, na sheria ikataka mbwa wapewe dawa ya minyoo. Hatimaye, mwaka 1924, Reykjavik ikapiga marufuku ufugaji wa mbwa mjini.

Marufuku hiyo ilidumu miaka 60. Ugonjwa ulipopungua, sheria ilibaki palepale, na wapenzi wa mbwa wakawafuga kwa siri. Mwaka 1984 maji yalimfika shingoni waziri wa fedha, Albert Guðmundsson, aliyewahi kuichezea Arsenal. Alijikuta matatani na polisi kwa sababu ya mbwa wake, Lucy, akasema ni heri ahame nchi kuliko kumwacha. Mwaka huo huo masharti yalilegezwa, mbwa wakaruhusiwa kwa kibali.

Kibali hicho si cha mzaha. Mbwa husajiliwa, hutiwa chipu chini ya ngozi na hupewa dawa ya tegu kila mwaka. Kwa miaka mingi, aliyeishi katika jengo lenye mlango mmoja wa pamoja alihitaji pia ridhaa ya majirani. Anayeingia nchini na mbwa wake, mnyama huyo huwekwa karantini kwanza.

Msomaji, usidhani haya ni ya ughaibuni tu. Tegu wa jamii hiyo hiyo amewatesa sana ndugu zetu wa Turkana, ambako maji ya kunawa ni adimu na mbwa hulala karibu na watoto. Katika miaka ya 1980 AMREF ilipambana naye huko kwa upasuaji, dawa za mbwa na mafunzo. Na hapa mijini, kichaa cha mbwa hakijatuacha. Chanjo kila mwaka ndiyo kinga.

Funzo la Reykjavik ni kwamba amri peke yake haikutosha. Kijitabu kilitangulia marufuku kwa miaka mingi, na marufuku iliyopitwa na wakati ilizaa wafugaji wa siri. Basi mtoto akiuliza kwa nini lazima anawe mikono baada ya kucheza na Simba, usimkaripie. Mweleze habari za tegu, kisha umpe sabuni.